Nyumba ya mama kabla ya masika: makuti mapya, bati au turubai?

MwanaKonde
Assalamu alaykum nyote. Naomba rai, khasa ya waliokwisha kuezeka kwa fedha ndogo.

Bi mkubwa wangu anakaa Konde, kaskazini ya Pemba, katika nyumba ya mawe na udongo aliyoiacha marehemu baba. Vyumba vitatu na ukumbi, paa la makuti lenye vipaa viwili, yaani pande mbili. Masika yaliyopita tulilala na mabeseni. Kipaa kinachotazama kusini kimeoza, mchana ukisimama ukumbini unaona mbingu. Ukuta wa upande huohuo umelika chini, kiganja kizima kinaingia. Mvua zikishakatika kinaingia kipupwe na ukuta bado umejaa maji, basi kuanzia Juni mpaka Agosti mama halali vizuri kwa baridi na kifua. Ana miaka 74.

Mkononi nina laki 6, za karafuu na za vibarua. Kaskazi bado inavuma, lakini Machi haiko mbali, na mvua ikianza fundi hapatikani. Nimefikiria kuezua makuti yote nipige bati. Au bati kipaa kimoja tu, cha kusini. Au makuti mapya. Au turubai juu ya makuti hayahaya mpaka mwakani Mungu akitujaalia. Wadogo zangu wanataka bati, wanaona haya nyumba ya makuti. Mama mwenyewe hataki, anasema mvua ikipiga bati hasikii hata adhana. Mie nimesimama katikati.

FundiWaMtambile
Waalaykumu salaam. Kabla hujanunua hata msumari, nijibu mambo matatu. Kipaa kina urefu gani kutoka mgongo wa paa mpaka upenuni? Kombamoyo, yaani miti inayobeba paa, zikoje, ukizichoma kisu kinazama? Na upenu umetoka kiasi gani nje ya ukuta?

Nauliza hilo la mwisho kwa sababu ukuta kulika chini hakutokani na tundu za juu. Ni maji ya upenuni yanapiga ardhi na kurukia ukutani, masika baada ya masika. Upenu ukiwa mfupi, ezeka kwa kitu chochote ukipendacho, ukuta utaendelea kulika.

MwanaKonde
Mdogo wangu amepima leo. Kipaa ni mita 8 kwa mita 4 na nusu. Kombamoyo ni za mkandaa, nzima, ila mbili za pembeni zimeliwa na mchwa. Upenu umetoka kama shubiri moja na nusu.

FundiWaMtambile
Shubiri moja na nusu haitoshi kwa ukuta wa udongo. Utoke angalau mkono mmoja na nusu.

Sasa hesabu. Mita 8 kwa mabati yanayopandana mkunjo mmoja na nusu, unapata safu 11 hivi. Kila safu inataka bati zima la mita 3 na kipande cha pili juu yake, navyo vipandane si chini ya sentimita 15, basi bati moja halitoi vipande viwili. Hayo ni mabati 22 kwa kipaa kimoja, 44 kwa vyote viwili, bado kofia ya mgongo. Na bati halikai juu ya fito za duara zilizopinda, litayumba na misumari italegea. Unahitaji mbao zilizonyooka, yaani unalipa paa mara mbili, la chini na la juu.

Tena paa la makuti husimama sana ili maji yateremke haraka. Bati halihitaji mwinamo ule. Ukiliweka juu ya kenchi za makuti unanunua mabati mengi kuliko inavyolazimu, na ukitaka kuulaza mwinamo ni kenchi mpya. Kwa laki 6 sikushauri.

Nusu bati nusu makuti nimeifanya mara mbili kwa kulazimishwa na wenye nyumba, na mara zote mbili tulirudi. Pale mgongoni makuti ni manene na bati ni jembamba, kofia haikai sawa, na mvua ya kusi inaingia papo hapo penye maungio.

BintiMakunduchi
Mie ni mtu wa bati, na nitasema kwa nini, maana naona watu wanaliona kama fakhari tu.

Kwetu Makunduchi ardhi ni ya mawe na kisima chetu kina chumvi. Tulipoezeka bati mwaka 2019 kilichobadilika kwanza ni maji. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kipaa chako cha mita 8 kwa 4 na nusu, kikilazwa chini, hata tukisema kinakusanya kama mita za mraba 28, mvua ya milimita 20 inakupa zaidi ya lita 500. Hayo ni mapipa mawili na nusu kwa mvua moja, kwa kuweka mlizamu tu, ule mfereji wa kukinga maji ya paa. Maji ya makuti yanatoka ya rangi ya chai, hufulii nguo nyeupe wala huyanywi.

Lakini sitaficha tabu zake. Mwaka wa kwanza ndani hakukaliki mchana mpaka tulipotia dari. Na fundi wetu alipigilia misumari kwenye bonde la mkunjo badala ya mgongoni, na mingine bila ya mipira, basi kila msumari ukawa tundu. Sisi tuko karibu na bahari. Mwaka wa nne kutu ilianza palepale kwenye misumari. Tulinunua geji 30 kwa kukimbilia bei. Kumbukeni namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 28 ni kama milimita 0.4, geji 30 ni kama 0.3. Ningerudi dukani leo ningechukua 28 iliyopakwa rangi kiwandani, hata kama ningengoja mwaka mzima.

Na makuti, MwanaKonde, utayabadilisha tena. Ya bibi yangu yalikuwa yakidumu miaka sita, na bibi hakuwa mtu wa kubana makuti.

FundiWaMtambile
Nakubaliana nawe, dada. Ukipiga hesabu ya miaka ishirini bati linashinda. Ila huyu ana laki 6 na wiki chache, na mama wa miaka 74 chini ya tundu. Bati la haraka ndilo hilo ulilolieleza, la geji nyembamba na misumari kwenye bonde.

MvuviWaKojani
Naomba niseme juu ya turubai, kwani sisi ndio tunaoishi nalo chomboni.

Turubai la rangi ya buluu la dukani, jua la kaskazi moja linalichana. Ukiliweka juu ya makuti ni vibaya zaidi, kwa sababu kuti hupumua. Likifunikwa, unyevu unabaki chini yake, na mwakani ukilifunua unakuta majani yamekuwa mbolea. Mjomba wangu alifanya hivyo akapoteza na kipaa kilichokuwa kizima. Kama huna budi, lifunge ndani, chini ya kombamoyo, juu ya kitanda cha mama tu, liwe limeinama upande mmoja maji yapate njia ya kutokea. Hilo ni la wiki mbili tatu.

Kitu kingine ambacho watu wasio wavuvi hawakijui: nyavu kuukuu. Ukishaezeka makuti mapya, tandaza wavu juu yake na uufunge upenuni. Upepo wa kusi hauinui kuti hata moja. Njoo pwani uulize, nyavu zilizokwisha kazi watu wanazitoa bure au kwa fedha ya chai.

MwanaKonde
Ahsanteni sana. Hilo la wavu sikulijua kabisa. Fundi, makuti mangapi yanatosha? Na ukuta je? Kuna jamaa ananambia nipige plasta ya sementi nimalize.

FundiWaMtambile
Makuti ya viungo, yale ya majani yaliyoshonwa kwenye kijiti, si ya kumba yaliyosukwa. Ya kumba weka kwenye ua wa choo. Kipaa chako pamoja na upenu mpya kinakula 500, ukiyapanga kwa nafasi ya vidole vinne. Fundi akikwambia shubiri nzima inatosha, anakupunguzia makuti leo na miaka kesho. Yachague mwenyewe moja moja, yale yaliyojaa majani mpaka mwisho wa kijiti. Na uyanunue sasa hivi, wiki ya mwisho kabla ya mvua kila mtu anayataka.

Kombamoyo mbili zilizoliwa zitoe. Usiende kukata mkandaa kimyakimya kwenye mikoko, kuna utaratibu wake, muone sheha, mkuu wa shehia yenu, kwanza. Ukipata mti wa shamba ulionyooka unatosha. Ukuta namwachia mwenye ujuzi.

MkaaziWaShangani
Sementi usiipige, ndugu yangu, nakusihi.

Mimi nimekulia kwenye nyumba ya mawe Mji Mkongwe na nimeona mara nyingi. Ukuta wa mawe na udongo au mawe na chokaa hunywa maji chini na kuyatoa kidogo kidogo kwa juu. Ndivyo ulivyoumbwa. Ukiuvisha sementi, maji yanaingia kama kawaida ila hayana pa kutokea. Nje unaonekana mkavu na mzuri, ndani udongo unageuka uji. Baada ya misimu miwili mitatu sementi inabanduka kama ganda na kuondoka na udongo uliojishika nayo. Na baridi unayoisema ya kipupwe ndiyo hiyo hasa: ukuta wenye maji hauwezi kuwa na joto hata ukifunga madirisha yote.

Fanya hivi. Toa udongo wote uliolegea pale ulipolika, uloweshe, utomee kwa vijiwe na udongo uleule wa nyumba, uache ukauke vizuri. Kisha paka chokaa nyepesi, tena na tena, usitie koti moja nene. Chokaa inataka ikauke polepole, kwa hivyo jua kali lisiipige siku za mwanzo, tundika magunia ya maji. Na chimba mtaro chini ya upenu mpya, hatua moja kutoka ukutani, uteremke kuelekea bondeni, uutie kokoto. Mtaro hauna gharama ila jasho. Mie ningeanza na mtaro kabla ya paa.

BintiMakunduchi
Kwa mtaro nakuunga mkono. Hata sisi wa bati tulichimba.

MuuguziWaChake
Samahani naingilia mazungumzo ya mafundi. Mimi nimeshughulishwa na mama na kifua chake.

Wengi huku kipupwe kikiingia wanaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango ili mzee apate joto. Tafadhali msifanye hivyo kabisa. Moshi unaweza usionekane, lakini makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki kujiokoa. Joto la mzee linatafutwa kwa kukauka: kitanda kisiguse ukuta, kiachwe nafasi ya mkono kupita, godoro lisilale sakafuni, kwani sakafu ya udongo inapandisha maji, shuka na mablanketi yaanikwe kila siku yenye jua, hata kwa muda wa saa moja. Mchana fungueni madirisha upande wa upepo, magharibi fungeni. Soksi na kanga ya kichwani si kitu kidogo kwa mtu wa miaka 74.

Na kikohozi kikipita wiki mbili, mpelekeni kituo cha afya akapimwe. Msikiegemeze chote kwenye ukuta.

MwanaKonde
Inshallah nitampeleka wiki hii, maana hicho cha mwaka jana kilipita mwezi na sisi tukasema ni baridi tu.

Nimezungumza na wadogo zangu. Tunaezeka makuti kipaa cha kusini chote, upenu tunautoa mkono mmoja na nusu, na mtaro tunachimba wenyewe Jumapili. Kipaa cha kaskazini tunatia viraka tu, bado kina nguvu. Wamekubali kwa sharti moja, nalo nimelipenda: lile banda la jiko la uwani tutaliezeka bati mwakani, la geji 28, na mlizamu wake na pipa. BintiMakunduchi, hilo limetoka kwako. Jikoni ndiko kwenye moto, na makuti na moto hawakai pamoja.

BintiMakunduchi
Mwanzo mzuri huo. Mabati manne au matano yaliyopigwa sawasawa ni bora kuliko 44 ya haraka. Mwambie bi mkubwa kelele za jikoni hazitamfikia kitandani.

MwanaKonde (Aprili)
Nimerudi kuwapa habari. Makuti 500 yalibaki 20, yako juu ya dari ya jiko kwa viraka. Wavu tuliupata Kojani, mzee aliyetupa hakutaka fedha, tukampelekea mkungu wa ndizi. Kati ya laki 6 ilibaki elfu 35, nimemnunulia mama blanketi.

Mvua kubwa imenyesha usiku wa kuamkia jana. Nilikuwa na tochi nazunguka na mabeseni kwa mazoea. Ukumbini pakavu. Mtaro ulikuwa unavuma maji kama kijito, na ukuta haukurowa hata pale palipotomewa. Mama alilala mpaka alfajiri.

Ila kuna tone moja linatoka mgongoni, juu ya chumba cha kati, pale makuti mapya yanapokutana na ya zamani. Si kila mara, upepo ukigeuka tu. Fundi, nifanyeje?

FundiWaMtambile
Hapo kuti za mgongo zimekatiwa fupi upande wa kipaa cha kaskazini. Chukua hizo 20 zilizobaki, zikunje katikati zilalie vipaa vyote viwili, anza kule upepo unakoelekea na uende ukizipandisha kuelekea unakotoka, kisha uzibane kwa fito mbili na kamba ya makumbi. Usifunge kwa waya, utakata majani. Ngoja siku mbili za jua kwanza, kuti bichi la mvua linateleza chini ya mguu.

MwanaKonde
Leo jua limetoka. Likitoka na kesho, Jumamosi asubuhi napanda.