Tupeane uzoefu: shahada ya saikolojia na kazi za usaidizi na upimaji

Mwanzisha mada, Tanga mjini
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Chumbageni. Mdogo wangu amemaliza shahada ya saikolojia, na tangu arudi nyumbani kila jirani anamwambia aombe kazi Bombo, kana kwamba hospitali ya mkoa imemtengea chumba. Waliowahi kuwa watafiti wasaidizi au wapimaji wa watoto, naomba mtueleze mlianzaje na mkataba ulipokwisha mlikwenda wapi.

Bagamoyo
Mimi niliingia kupitia mradi wa afya ya watoto. Tangazo halikutaja saikolojia hata kidogo. Lilitaka shahada ya sayansi ya jamii na mtu anayeweza kutumia kishikwambi, kwa hiyo mdogo wako akitafuta neno "mwanasaikolojia" peke yake, nafasi nyingi zitampita. Sehemu kubwa ya mafunzo ilikwenda kwenye jambo nililolidharau nikiwa chuoni, nalo ni kumsomea mtoto tarakimu, moja kwa kila sekunde, bila kupandisha wala kushusha sauti, kisha yeye azirudie, ili kupima kumbukumbu yake. Sita na saba zilitutoa jasho: ukizitamka upesi mtoto anazichanganya, ukizivuta ili azisikie umekwisha kumsaidia. Kulikuwa pia na jaribio la Raven la rangi, la kupima uwezo wa kufikiri, lenye maswali 36, ambamo mtoto huonyeshwa mchoro uliokatwa kipande, naye huchagua kinachofaa kati ya sita. Binti mmoja wa Dunda aliutazama akasema, "Mkeka wenu umeliwa na panya," kisha akagusa kipande sahihi, nami sikuruhusiwa hata kutikisa kichwa. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi sita, na fedha za mradi zilipokwisha, nasi tulikwisha.

Muheza
Kaka, hapo kuna jambo umelipita. Kupima na kufasiri majibu ni kazi mbili tofauti. Msaidizi hutoa jaribio, hujumlisha alama ghafi, yaani idadi ya majibu sahihi kabla ya kufasiriwa, na kuandika alichokiona, kwa mfano kwamba mtoto alikuja na njaa au alisinzia. Kusema mtoto ana tatizo gani ni kazi ya mwanasaikolojia aliyesomea hilo. Mama mmoja aliniuliza mlangoni kama mwanawe ni mjinga, nami kwa huruma nikamwambia hana tatizo lolote. Msimamizi wangu aliniondoa kwenye upimaji siku ile ile, na kwa kweli hakukosea.

Pangani
Dada yangu aliyeko Uingereza anasema huko msaidizi wa mwanasaikolojia katika huduma ya afya ya umma kwa kawaida huanzia daraja la 4 la mshahara, na nafasi hizo hugombaniwa kwa sababu husaidia kuingia kwenye masomo ya shahada ya udaktari wa saikolojia tiba ya miaka mitatu. Mimi mkataba ulipokwisha nilirudi kufundisha.

Mwanzisha mada, Tanga mjini
Ahsanteni sana. Jana usiku nilimpa mdogo wangu saa, akawa anasoma tarakimu na mama anazirudia. Mama amefika tarakimu tano, na analalamika kwamba kijana anakimbiza.