Ngao za chuma mbele ya magari: je, zipigwe marufuku?

Mleta mada: Naomba hoja hii ijadiliwe bila jazba. Desemba 2017 serikali ya India iliagiza wenye ngao za chuma mbele ya magari wachukuliwe hatua, kwa kuwa zinawahatarisha waenda kwa miguu na hata waliomo garini. Hapa kwetu mtu akinunua gari la juu, safari yake ya kwanza ni kwa fundi wa kuchomelea. Mimi naona nasi tuzipige marufuku.

Dereva wa njia ya Iringa: Ndugu mleta mada, barabara ya Morogoro hadi Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Ngao imeniokolea rejeta mara mbili kwa swala walioruka ghafla usiku, mahali ambapo hakuna anayetamani kushuka garini. Isitoshe, magari ya siku hizi ni laini mno. Ukigusa nguzo tu, pua yote inakunjamana kama kopo. Kama chuma kinene hakifai, basi mabomba yaliyo nyuma ya bampa yajazwe povu yawe imara, maana nasikia viwandani wanafanya hivyo.

Mhandisi wa mitambo: Kaka, huko kukunjamana unakokulalamikia ndiko kunakokulinda. Nyuma ya bampa la magari mengi kuna mabomba mawili yenye kuta nyembamba, yaliyotengenezwa makusudi yajikunje, mkunjo baada ya mkunjo. Wazo la pua inayokubali kuumia ili chumba cha abiria kibaki kizima ni la Béla Barényi wa Mercedes-Benz, na kampuni hiyo ililiingiza katika gari la kuuzwa mwaka 1959. Gari la kilo 1,500 likienda kilomita 50 kwa saa hubeba nishati ya kilojuli 145 hivi. Likienda kilomita 100, nishati hiyo ni mara nne. Isipoishia kwenye chuma, itaishia kwenye mbavu za watu. Kutoka mwendo huo wa kilomita 50, ukisimama ndani ya sentimita 60 mwili hubanwa kwa wastani wa nguvu mara 16 ya uzito wake; ukisimama ndani ya sentimita 10, ni zaidi ya mara 90.

Kuhusu povu, umesikia nusu ya habari. Bomba lililojazwa povu la alumini, yaani alumini yenye vitundu kama sponji, hufyonza nishati nyingi kuliko jumla ya bomba tupu na povu vikipimwa kila kimoja peke yake, kwa sababu povu huuzuia ukuta usidumbukie ndani, nao ukalazimika kujikunja kwa mikunjo mifupi na mingi. Ila nguvu inayohitajika kulikunja nayo hupanda. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, iliyo nyuma yake ilipigiwa hesabu ya bomba tupu, hivyo ukilijaza, chesisi yaweza kupinda kama goti kabla bomba halijaanza kazi, na chuma kinachopinda namna hiyo hufyonza kidogo sana. Povu la kopo la kuzibia madirisha, ambalo nimewahi kuona fundi mmoja akilipigia debe, ni laini mno kusaidia chochote.

Ngao iliyochomelewa kwenye chesisi huyaruka mabomba hayo kabisa, kishindo kikaenda moja kwa moja kwenye chesisi, na yaweza kuvuruga hata wakati wa kufunguka kwa mifuko ya hewa. Hata hivyo sikubaliani na mleta mada kuzifagia zote. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya haukuzikataa ngao, bali uliziwekea vipimo vya kumlinda mtembea kwa miguu. Sisi tungeweza kuanza na kilicho rahisi kukagua: kuchomelea kwenye chesisi kukatazwe, na ngao ifungwe kwa boliti juu ya vishikizo vinavyojikunja.

Dereva wa njia ya Iringa: Mwalimu, la chesisi nimelielewa, na nakiri kwamba yangu imechomelewa. Lakini askari wa barabarani atakijuaje kwa macho kishikizo kinachojikunja na kisichojikunja? Vikianza kuuzwa Kariakoo kwa bei inayolipika, vikiwa na alama ya ukaguzi, nitaing'oa yangu wiki hiyohiyo. Kwa sasa nitapunguza mwendo, ila ngao inabaki.