Mjadala: Nchi ikiyumba, ikulu aingie rais mmoja au baraza la kupokezana?

Mwanzisha mada, Nakuru

Ndugu zangu, tangu polisi wetu wa kwanza watue Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, mwezi Juni 2024, kila tukikaa hapa steji tunazungumzia magenge, bunduki na marupurupu. Kuna swali kubwa zaidi tunalolipita. Tarehe 7 Julai 2021 rais wa Haiti, Jovenel Moïse, aliuawa usiku nyumbani kwake, na tangu hapo hakuna aliyechaguliwa kushika nafasi yake. Mwaka 2024 wakaunda baraza la watu tisa wa kupokezana uenyekiti, lililokaa hadi Februari 2026. Je, nchi iliyoyumba hivyo inafaa kuongozwa na baraza? Mimi nakataa. Nasema awe mtu mmoja, aliyechaguliwa, mwenye mipaka inayojulikana na kila mwananchi. Mwenye hoja tofauti aje nayo, hata kama ni kali.

Tuangalie kwanza kiti kilibakije wazi. Siku mbili kabla ya kuuawa, Moïse alikuwa amemteua Ariel Henry kuwa waziri mkuu, lakini Henry alikuwa hajaapishwa. Claude Joseph, waziri mkuu aliyekuwa njiani kuondoka, akasema serikali iko mikononi mwake. Maseneta walikuwa wamebaki 10 tu, na wengi wao wakamtaka mwenzao Joseph Lambert awe rais wa muda. Bunge la wawakilishi lilikuwa limekwisha muda wake Januari 2020 bila uchaguzi, na Moïse alikuwa akitawala kwa amri zake mwenyewe. Mkuu wa mahakama ya juu alikuwa amefariki kwa korona wiki chache kabla. Nani akaamua? Mabalozi wa mataifa makubwa walitoa taarifa wakimhimiza Henry aunde serikali, na tarehe 20 Julai akaingia ofisini. Mwananchi wa Haiti hakuulizwa lolote.

Kwa hivyo msiniambie shida ilikuwa rais kuwa mmoja. Shida ni kwamba Bunge na mahakama viliachwa vikafa kimoja kimoja, mpaka rais alipoondoka hapakuwa na wa kupokea.

Mkaazi wa Kondele, Kisumu

Mzee, kwa heshima, naona umesahau upesi. Tarehe 30 Desemba 2007 Kibaki aliapishwa jua likizama, na hatukuwa tumemaliza kusikiliza taarifa ya habari kabla Kondele haijawaka. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Ilikuwa ni kwa sababu ya nini? Kiti kimoja kilikuwa na kila kitu: kazi, barabara, mashamba, polisi. Aliyekikosa alikuwa amekosa vyote kwa miaka mitano.

Kilichozima moto ni kugawana. Tarehe 28 Februari 2008 Kibaki na mpinzani wake Raila walitia sahihi mbele ya msuluhishi Kofi Annan, tukapata serikali ya nusu mkate. Watu wakarudi kazini. Sasa Wahaiti nao wakigawana, mbona unawakemea?

Mwalimu, Kakamega

Ndugu wa Kondele, nusu mkate na baraza la Haiti si kitu kimoja. Sisi tulikuwa na rais mmoja, waziri mkuu, na Bunge lililochaguliwa ambalo lilipitisha mapatano yale yakawa sheria. Baraza la Haiti liliapishwa tarehe 25 Aprili 2024 katika nchi isiyo na mbunge hata mmoja. Wajumbe saba walikuwa na kura, wawili walikuwa waangalizi, na hapakuwa na mwenye uwezo wa kisheria wa kuwahoji.

Lakini mwanzisha mada nawe ujibu. Unataka rais aliyechaguliwa. Uchaguzi utafanywaje wakati magenge yameshika sehemu kubwa ya mji mkuu? Na mpaka ufanyike, nani akae?

Mama wa Kibuye, Kisumu

Mimi nauza omena, siasa si kazi yangu. Mwanangu alipelekwa huko. Wako nyuma yetu kwa saa saba au nane, kwa hivyo akipata nafasi ya kupiga simu kwetu ni usiku wa manane, nami nakaa nayo kitandani. Nilimuuliza, rais wa huko ni nani? Akasema, mama, huyu wa sasa ni wa zamu, atabadilishwa. Sikulala. Mtoto wa watu anapigania nchi ambayo hata yeye hajui mwenye nayo ni nani.

Mwanzisha mada, Nakuru

Mama, pole sana, na asante. Umeligusa jambo lenyewe.

Ndugu wa Kondele, 2007 siwezi kuisahau. Hapa kwetu waliofukuzwa mashambani walijazana uwanja wa maonyesho, familia moja hema moja, wengine wakakaa miezi. Nakubali kugawana kulizima moto. Kuongoza nchi ni jambo lingine. Aprili 2009 rais alipeleka Bungeni jina la makamu wake Kalonzo kuwa kiongozi wa shughuli za serikali, waziri mkuu Raila akapeleka lake mwenyewe, mpaka Spika Marende akalazimika kukalia kiti cha kamati ya shughuli za Bunge kwa muda. Februari 2010 Raila akatangaza kuwasimamisha mawaziri wawili, na siku hiyohiyo Kibaki akasema wako kazini.

Kilichotusaidia kwa kudumu ni Katiba ya 2010. Kiti kilibaki kimoja, kikapunguzwa. Kaunti 47 zikapata fedha zao. Mshindi sharti apite nusu ya kura na apate robo ya kura katika angalau kaunti 24. Kiti kikiwa wazi, naibu anamaliza muda uliobaki, hapana mjadala. Na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani. Hilo kwangu ni kubwa kuliko nusu mkate yoyote.

Sasa baraza lao. Wenyeviti wanne: Leblanc, Voltaire, Jean, Saint-Cyr. Mwenyekiti alikuwa na miezi kama mitano. Angepanga nini kikomae? Oktoba 2024 chombo cha kupambana na rushwa kiliwatuhumu wajumbe watatu kudai fedha kwa mkuu wa benki ya serikali. Walikana, wakabaki vitini. Mwezi uliofuata baraza likamfukuza waziri mkuu Garry Conille kabla hajamaliza miezi sita. Mambo yakiharibika, kila mmoja aliweza kusema hiyo haikuwa zamu yangu.

Mwalimu, unauliza nani akae. Haiti wenyewe walishajibu. Machi 1990, mkuu wa mahakama ya juu alipokataa mzigo, jaji mmoja wa mahakama hiyo, Ertha Pascal-Trouillot, alikubali kuwa rais wa muda. Mtu mmoja, kazi moja: uchaguzi. Januari 1991 watu wa Duvalier, dikteta wa zamani, walimteka wakijaribu kupindua nchi, wakashindwa. Tarehe 7 Februari 1991 akamkabidhi Aristide aliyechaguliwa na wananchi, miaka mitano kamili tangu Duvalier mdogo akimbie. Mwaka 2004 tena mkuu wa mahakama hiyo, Boniface Alexandre, alishika kwa muda, na mwaka 2006 akamkabidhi Préval. Walikuwa na bunduki mitaani wakati huo pia.

Mkaazi wa Kondele, Kisumu

Hapo kwa jaji umenigusa. Lakini sema yote, mzee. Aristide alipinduliwa na jeshi baada ya miezi minane.

Mwanzisha mada, Nakuru

Kweli, Septemba 1991. Kumchagua mtu hakumlindi. Ila jeshi lilipomtoa, kila mtu duniani alijua aliyeibiwa ni nani, na Oktoba 1994 akarudishwa kumalizia muda wake. Baraza lile lingepinduliwa, ungemrudisha nani?

Kwa hivyo kwa Haiti nashika hili: wajaze kwanza mahakama ya juu, watu wanaokubalika na vyama na makanisa. Jaji mmoja akae ikulu kwa tarehe iliyoandikwa, asigombee, na wabunge wachaguliwe siku moja na rais ili asiapishwe akiwa peke yake. Mwalimu, wilaya ambazo magenge hayajafika zianze kuandikisha wapiga kura sasa. Anayeona haiwezekani aseme ni hatua gani kati ya hizo inayokwama.