Valvu ya chuma au ya mnyama kwa mwanamke wa miaka 24? Na huduma akirudi Pemba

BintiWete

Assalamu alaykum. Mdogo wangu ana miaka 24, yuko Wete, kaolewa na bado hajazaa. Valvu ya mitrali (mlango wa damu upande wa kushoto wa moyo) imeharibika kwa homa ya rumatiki ya utotoni. Eko (picha ya moyo ya ultrasaundi) inaonyesha imebana na inavuja sana, na chumba cha juu kushoto kimetanuka. Kuipanua kwa puto kumekataliwa kwa sababu ya huko kuvuja. Atapasuliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na ametakiwa achague valvu ya chuma au ya mnyama. Tuangalie nini? Na akirudi nyumbani tumuuguze vipi? "Asinyanyue vizito" tushaisikia. Nataka kujua kilo ngapi, na kwa muda gani.

Muuguzi_Moyo

Wa alaykum salaam, dada. Mwanzo muulizeni mpasuaji kama valvu inaweza kutengenezwa badala ya kubadilishwa. Iliyoharibiwa na rumatiki mara nyingi imekakamaa na haitengenezeki, lakini nafasi ikiwepo, kwa umri wake hiyo ndiyo bora.

Ikibidi kubadilishwa, ya chuma hudumu miaka mingi sana, ila damu hupenda kuganda juu yake. Kwa hiyo warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni ya maisha, na INR (kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kiasi gani kuganda) kwa mitrali inatakiwa ikae kati ya 2.5 na 3.5. Tabu inakuja kwenye uzazi: warfarini inamfikia mtoto tumboni, na wiki ya 6 hadi ya 12 ndizo zinazoharibu pua na mifupa yake, khasa dozi ikizidi miligramu 5 kwa siku. Wiki hizo hubadilishiwa sindano za heparini, nayo ya kuzuia damu kuganda, mara mbili kwa siku na kwa vipimo vya karibu. Heparini ikipungua, valvu huganda na mama yumo hatarini.

Ya mnyama hutaka warfarini miezi 3 hadi 6 tu, kisha huachwa. Lakini kwa kijana huchakaa upesi, mara nyingi ndani ya miaka 10 hadi 15, pengine kabla, na kupasuliwa mara ya pili ni kugumu zaidi. Zipo za nguruwe na zipo za ng'ombe, kwa hiyo ulizeni mapema. Na hilo la chumba kutanuka msilipite hivi hivi: huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mapigo yake yakiwa ya ovyo, atahitaji warfarini hata akiwekewa ya mnyama, na faida kubwa ya kuichagua inaondoka. Ombeni apimwe ECG (umeme wa moyo) kabla ya kuamua.

Mie ningeanza na swali hili: akiwa Wete, INR atapima wapi? Mwanzoni ni kila baada ya siku chache, kisha kila wiki, na ikishatulia kila mwezi. Kama jawabu ni "atavuka Unguja nauli ikipatikana", chuma ni hatari kwake hata kabla hajashika mimba. Na vyovyote mtakavyochagua, mimba isubiri kama mwaka mmoja.

Kabla ya safari apelekwe kwa daktari wa meno. Jino bovu lina vijidudu vinavyoingia kwenye damu na kukaa juu ya valvu mpya, na operesheni huahirishwa kwa ajili yake.

Nyumbani: mfupa wa kifua umefungwa kwa waya na hutaka wiki 8 hadi 12 kushikana. Kwa muda huo asinyanyue hata kilo 5, yaani dumu la lita 5 tayari limezidi. Kukuna nazi ndiko kunakosahauliwa. Akikaa kwenye mbuzi anainama na kusukuma mikono yote miwili mbele, na nguvu yote inapita kwenye mfupa ule ule. Kutwanga na kukamua nguo ni hivyo hivyo. Aswali juu ya kiti. Kuinuka kitandani, ageuke ubavu, ateremshe miguu, ndipo akae, na mtu asimvute mkono. Akikohoa aukumbatie mto. Kutembea aanze na dakika 5, mara 3 au 4 kwa siku, aongeze kidogo kidogo.

Mfamasia_Unguja

Naongezea ya dawa. Warfarini anywe saa ile ile kila jioni. Akisahau na akakumbuka siku hiyo hiyo, anywe. Ikishafika kesho, aiache, asinywe mbili. Asome miligramu kwenye pakiti kila anaponunua, maana kidonge cha 1 na cha 5 vyote ni vidogo.

Mchicha, kisamvu na matembele asiviache, ale kwa kiasi kile kile kila wiki. Hatari ni kukaa wiki mbili bila majani kisha kula sahani nzima siku tatu mfululizo, INR ikaanguka. Diklofenaki na ibuprofeni asiguse, maumivu atumie parasetamoli. Metronidazoli, flukonazoli na kotrimoksazoli hupandisha INR sana, kwa hiyo akiandikiwa apime tena baada ya siku 3 hadi 5. Kupiga chuku hapana kabisa. Na mwenye valvu ya chuma asikubali kubadilishiwa vile vidonge vipya visivyohitaji INR. Kwenye chuma vimeshindwa.

Dkt_Mkoani

Sindano ya penisilini ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, yuniti milioni 1.2 kila wiki 3 au 4, haikomi kwa sababu valvu imebadilishwa. Wengi huiacha hapo, na homa hiyo ikirudi inaharibu valvu zilizobaki. Akiwa anatumia warfarini, INR ikiwa imepita kiwango aulize kwanza, na baada ya sindano abonyeze pamba dakika 10 bila kusugua.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi: msinunue antibiotiki dukani. Damu ichukuliwe kwanza kwa kuoteshwa vijidudu, mara tatu ikiwezekana. Vidonge viwili vya amoksilini vinatosha kuvificha visiote, kipimo kinarudi kitupu huku valvu inaendelea kuliwa.

Valvu ya chuma hupiga "tik, tik" inayosikika chumba kikiwa kimya. Sauti ikififia na pumzi ikaanza kukata, ni spitali saa hiyo hiyo, haisubiri asubuhi. Hivyo hivyo akizimia, uso ukipinda, choo kikiwa cheusi, au mfupa wa kifua ukigonga anapojigeuza. Ajipime uzito kila asubuhi. Kilo 2 ndani ya siku 2 au 3 ni maji, hata kama miguu haijavimba.

BintiWete

Mwenyezi Mungu akulipeni kheri. Na Ramadhani?

Mfamasia_Unguja

Miezi 3 ya mwanzo asifunge. Baada ya hapo daktari wake ndiye atakayeamua, khasa kama anatumia dawa ya kukojosha, maana kiu ya mchana na dawa ile pamoja humkausha. Akiruhusiwa, warfarini aiweke saa moja maalumu baada ya futari, na apime INR wiki ya kwanza, kwa sababu chakula chake chote kimebadilika.