Simu za mezani hazioni seva, TEHAMA wamefunga tiketi eti "limetatuliwa"

Wakuu, nivumilieni, uzi huu ni wa hasira.

Ofisini kwetu tunatumia simu za mezani za IP, zile zinazopita kwenye waya wa mtandao. Tangu mkandarasi abadilishe swichi ya upande wetu (kile kisanduku kinachounganisha waya za mtandao), simu zote zilizochomekwa kwenye swichi hiyo hazifanyi kazi. Hazijazimika. Kioo kinawaka, vitufe vinaitika, ila juu kimeandikwa kwamba simu haijasajiliwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayounganisha simu zetu, na ukiinua mkonga ni kimya. Wenzetu wa upande wa pili, waliobaki kwenye swichi ya zamani, wanapiga na kupokea kama kawaida. Seva ni hiyohiyo, simu ni za aina hiyohiyo, kilichobadilika ni swichi. Hapo mtu anahitaji shahada gani kujua pa kuanzia?

Ukipiga kitengo cha msaada (kwa simu ya mkononi, kwa vocha yako), wimbo ni uleule: zima, washa. Tumezima, tumewasha, tumechomoa, tumechomeka. Halafu anakuja mwingine na hoja yake: "Kama kioo kinawaka, basi mtandao upo." Upo wapi? Umeme wa simu hizi unatoka kwenye swichi kupitia waya huohuo, ndiyo hiyo PoE, na umeme hauulizi seva iko wapi. Simu inaweza kuwaka mwezi mzima bila kuongea na seva hata neno moja.

Aliyenimaliza kabisa ni yule wa pingi, kale kaujumbe ka kujaribu kama kifaa kinajibu kwenye mtandao. Anasema seva ameipingi, inajibu, kwa hiyo ubovu ni wa simu. Nikamuuliza ameipingi kutoka wapi. Kutoka kwenye kompyuta yake, huko huko chumba cha seva! Ndugu yangu, hata ungekuja kupingi kutoka mezani kwangu, pingi inatumia lugha ya ICMP, na simu inajisajili kwa lugha nyingine, SIP, ambayo kwa kawaida hupita poti (mlango wa mtandao) 5060, au 5061 ikiwa imesimbwa kwa TLS. Fayawoli, ule ukuta wa ulinzi wa mtandao, inaweza kuruhusu ya kwanza ikazuia ya pili, na wewe ukabaki kushangilia majibu ya pingi huku hakuna simu inayoita.

Kisha wakamwambia dada wa mapokezi airudishe simu yake kwenye mipangilio ya kiwandani. Bila kumuuliza kitu! Simu ikafutika jina la seva, akaunti, paswedi, hata namba yake ya ndani. Mwanzoni ilikuwa inajua inakotaka kwenda ila njia haipo. Baada ya hapo hata inakotaka kwenda haikujui. Halafu mwenye ushauri huo akakata simu kwa sababu muda wake wa zamu ulikuwa umeisha.

Sasa tazameni kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekitazama. Nimeingia kwenye menyu ya simu, sehemu ya hali ya mtandao. Simu za upande wa pili zina anwani za mtandao zinazoanza na 10.20. Zetu zote zinaanza na 192.168.1, yaani anwani za kompyuta! Simu zilitakiwa ziwe kwenye VLAN yake ya sauti, yaani mtandao wake uliotengwa na ule wa kompyuta ndani ya swichi hiyohiyo. Swichi ikiwa imepangwa vizuri, inaiambia simu kwa LLDP (ujumbe wa kujitambulisha kati ya vifaa vilivyounganishwa) kwamba VLAN yako ni ile kule, simu inahamia, inaomba anwani kwa DHCP, huduma inayogawa anwani, na pamoja na anwani inapewa chaguo la 66 (simu nyingine hutumia la 150) linaloieleza ikachukue wapi mipangilio yake. Huku kwenye VLAN ya kompyuta DHCP inatoa anwani tu, haitoi hilo chaguo, na fayawoli yetu hairuhusu mtandao wa kompyuta kuigusa seva ya simu. Simu itafanyaje?

Nikachukua ile simu ya mapokezi waliyoifuta, nikaenda kuichomeka kwenye tundu la swichi ya zamani. Ikapata anwani ya 10.20, ikajishushia mipangilio, ikajiwasha upya, namba ya mapokezi ikarudi kwenye kioo, nikapiga, ikaita. Nikairudisha kwenye swichi mpya, ikafa. Nikabeba simu nzima ya jirani nikaichomeka kwetu, nayo ikafa. Bado mnaniambia ni simu?

Nimeenda mbali zaidi, nimeiwekea moja VLAN ya sauti kwa mkono kwenye menyu. Ikakaa inatafuta anwani, haikupata yoyote. Maana yake ama tundu la swichi halipitishi VLAN hiyo, ama limesahauliwa lile tundu linaloiunganisha na swichi kuu, yaani trunk, halijapewa VLAN ya sauti. Kutofautisha hayo mawili ni kazi ya mwenye paswedi ya swichi. Mimi sina, na wala sitakiwi kuwa nayo.

Nimeandika yote hayo kwenye tiketi, na picha za kioo nimeambatanisha, anwani zinasomeka. Watu wa simu wakasema hiyo ni kazi ya mkandarasi wa mtandao. Mkandarasi akasema swichi yake ni nzima kwa sababu kompyuta zinapata intaneti. Kompyuta! Kwani nani amelalamika kuhusu kompyuta? Asubuhi ya leo nafungua barua pepe nakuta tiketi imefungwa, imeandikwa "limetatuliwa", na chini yake maoni kwamba tufikirie kununua simu mpya.

Nimeifungua upya. Naomba msaada wenu, hasa mliowahi kukaa upande wa mitandao: nimwandikie mkandarasi sentensi gani fupi asiyoweza kuikwepa, ili aingie kwenye swichi akaangalie VLAN ya sauti kwenye yale matundu na kwenye trunk? Maana wateja wetu wanapiga namba ya mapokezi, wanaambiwa haipatikani.