Kozi za mtandaoni za kutengeneza gemu: tunauziwa video za kunakili, hatufundishwi kuprogramu

Ndugu wanajukwaa, salaam. Huu ni uzi wa malalamiko na sina nia ya kuupunguza makali, kwa sababu kila mara anapokuja mgeni kuuliza kama kozi za mtandaoni za kuprogramu gemu zina faida, anajibiwa kwa mkato kwamba inategemea juhudi zake mwenyewe. Jibu hilo linamwondolea muuzaji lawama zote na kumtwisha mnunuzi. Naomba leo tuitazame bidhaa yenyewe.

Kozi ya kawaida ya kulipia ni rundo la video ambamo mkufunzi anaandika msimbo huku akitamka anachoandika, na wewe unaandika hicho hicho. Mwisho wa kila sehemu unakuwa na gemu ndogo inayochezeka, moyo unafurahi, unasonga mbele. Siku unapofungua mradi mtupu bila video pembeni, hujui hata mstari wa kwanza uandikwe wapi. Ni sawa na kufuatisha herufi juu ya karatasi nyembamba: mwandiko unatoka mzuri, lakini kusoma bado hujui. Katika saa zote hizo mwanafunzi hakuwahi kuamua chochote. Hakuamua data za mchezaji zihifadhiwe wapi, wala sehemu gani ya programu iruhusiwe kuigusa sehemu gani, wala nini kitokee pale adui anapokufa wakati risasi yake bado iko hewani. Kuprogramu ni maamuzi hayo, na ndiyo yanayofanyika kichwani mwa mkufunzi kabla hajawasha kamera.

Ingekuwa afadhali kama kinachonakiliwa kingekuwa kizuri. Nilinunua kozi moja (jina la muuzaji naliacha, maana walio kama yeye ni wengi) iliyotumia injini ya Unity (programu ya kutengenezea gemu), na katika masomo ya mwanzo kabisa mkufunzi alimsogeza mhusika umbali ule ule kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, bila kuzidisha kasi kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Maana yake ni kwamba gemu ikichezwa kwa fremu 60 kwa sekunde mhusika anatembea vizuri, lakini ikichezwa kwa fremu 144 mhusika yule yule anakimbia mara 2.4 zaidi. Hili ni somo la siku ya kwanza katika fani hii. Mtu anayelikosea hana haki ya kujiita mtaalamu kwenye ukurasa wa mauzo.

Mbele kidogo alisoma kitufe cha kuruka ndani ya FixedUpdate, fanksheni ya Unity ya hesabu za fizikia. Wanaoijua Unity wameshashika kichwa. Fanksheni hiyo, isipobadilishwa mipangilio, huendeshwa mara 50 kwa sekunde, wakati ubonyezaji wa kitufe husajiliwa kwa fremu moja tu. Kwa hiyo fremu zikizidi 50 kwa sekunde, baadhi ya ubonyezaji hupotea na mhusika haruki. Sehemu ya maswali ilijaa wanafunzi wakilalamika kwamba mhusika wao anaruka akitaka, mmoja akidhani kibodi yake imeharibika, na jibu pekee kutoka kwa msaidizi wa mkufunzi lilikuwa kwamba wafunge mradi na kuufungua upya. Hapo ndipo nilipochoka. Kasoro ile ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote ya kufundisha jinsi kitanzi kikuu cha gemu kinavyofanya kazi, yaani kwa nini hesabu za fizikia zina mwendo wake na uchoraji wa skrini una wake, na nafasi hiyo ilitupwa kwa jibu la mtu ambaye ni dhahiri hakuwa ameelewa swali.

Halafu kuna suala la kozi zilizochacha. Godot, injini nyingine ya gemu, toleo lake la 4.0 lilitoka Machi 2023 na lilibadilisha majina na amri nyingi za toleo la 3: KinematicBody2D ikawa CharacterBody2D, yield ikaondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na await, na fanksheni ya move_and_slide, ambayo zamani ulikuwa ukiipa kasi ndani ya mabano, sasa haipokei kasi hiyo kabisa, unaiweka kwanza kwenye sifa ya mhusika iitwayo velocity. Mwanafunzi mpya anayenakili video ya toleo la 3 ndani ya toleo la 4 anapata makosa mekundu kuanzia dakika za mwanzo na hana namna ya kujua kama kosa ni lake au la video. Muuzaji anachofanya ni kubadilisha picha ya jalada, kuongeza video moja fupi ya utangulizi, na kuandika kwamba kozi imesasishwa mwaka huu. Tarehe halisi ya kurekodi somo haionekani popote. Kinachoonekana ni saa ya punguzo inayohesabu kurudi nyuma, ambayo ukifungua ukurasa kesho utaikuta imeanza upya.

Anayefundishwa vitufe vya injini moja pekee ana hatari nyingine. Septemba 2023 Unity ilitangaza ada itakayotozwa kulingana na idadi ya mara gemu inapowekwa kwenye vifaa, watengenezaji wakaja juu, na Septemba 2024 kampuni ikaifuta. Katika mwaka huo mmoja wengi walitaka kuhama. Aliyeijua C#, lugha ya kuprogramu inayotumika Unity, kwa undani, akaelewa vekta (namba zinazoeleza mwelekeo na umbali), migongano ya maumbo na namna ya kupanga hali za mhusika, alihamia Godot au kwingineko kwa usumbufu unaovumilika. Aliyejua tu kwamba "bonyeza hapa, kisha buruta hiki pale" alirudi sifuri. Na kozi nyingi nilizoziona zinaipitia hesabu ya vekta kwa dakika chache na kuahidi kwamba hutaihitaji sana, ahadi inayovunjika siku unapotaka adui ageuke na kumwona mchezaji aliye mbele yake tu.

Kuhusu ajira sitasema mengi. Januari 2024 Unity ilitangaza kupunguza wafanyakazi 1,800, karibu robo ya wote, na mwezi huo huo Microsoft ikatangaza kupunguza 1,900 katika kitengo chake cha michezo. Kurasa za mauzo bado zinasema sekta ina njaa ya wataalamu, na cheti unapewa video zikifika mwisho, hata kama zilicheza huku umelala. Wanapenda pia kumtaja Eric Barone, aliyetengeneza gemu ya kilimo ya Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne hadi ilipotoka mwaka 2016. Kwamba alikuwa na shahada ya sayansi ya kompyuta kabla ya hapo, hilo halimo kwenye tangazo.

Je, zote ni hasara? Hapana, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi, kwa kuwa mfano mzuri upo na ni wa bure. Kozi ya gemu ya CS50, mfululizo wa kozi za kompyuta wa Chuo Kikuu cha Harvard, humpa mwanafunzi msimbo wa gemu kama Pong, ile ya tenisi ya meza ya mwaka 1972, kisha humwachia kazi ya kuuongeza: mfanye mchezaji mmoja aendeshwe na kompyuta. Hakuna wa kumnakili. Lazima usome msimbo wa mtu mwingine, uuelewe, uamue. Nyaraka rasmi za Godot nazo zina somo zima la gemu ya kwanza bila malipo. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: video za kunakili hazistahili hata senti, na cha kulipia ni pale tu mtu mwenye ujuzi anaposoma msimbo wako ulioandika mwenyewe na kukuonyesha ulipokosea.

Mwenye kozi ambayo kweli alisahihishiwa msimbo wake na binadamu aitaje hapa, pamoja na toleo la injini lililotumika na mwaka masomo yaliporekodiwa. Wanaokuja kubandika viungo vya kozi zao wenyewe wajibu kwanza swali la FixedUpdate.