Mrejesho: lile swali la dadu mbili limeeleweka

Wakuu, mrejesho kidogo. Niliuliza kwa nini ukirusha dadu mbili, ukaambiwa angalau moja imetoa 6, uwezekano wa zote kuwa 6 ni 1/11 na sio 1/6 kama nilivyokuwa nang'ang'ania. Basi nikafungua SymPy (programu ya hesabu inayotumia Python) kama mlivyosema, nikaorodhesha matokeo yote 36, nikachuja yenye 6 yakabaki 11, na (6,6) imo mara moja tu, hapo ndo nikanyamaza. Kumbe 1/6 ni pale ukiambiwa dadu ya kwanza ndo imetoa 6. Nilichopenda SymPy inakupa sehemu yenyewe, yaani 1/11, sio 0.0909 sijui nini. Sasa nipo kwa kanuni ya Bayes (ya kukokotoa uwezekano upya ukipata taarifa mpya), inanitoa jasho, ila napiga kwa mkono kwanza ndo nahakiki kwenye programu.